Injinia Unayemtafuta Hapatikani kwa Sasa

Ukitaka kujua ugonjwa wa kila simu mtaani, somea uhandisi wa mawasiliano. Hutahitaji kuweka bango mlangoni. Habari itamfikia mama mboga kabla hujarudisha joho la mahafali, naye ataisambaza kwa kasi ambayo 5G bado inaiota. Mimi naishi Kihunguro, Ruiru, na tangu habari hizo zienee si mpangaji tena, ni ofisi. Ofisi yenyewe haina kiti, haina mshahara, na haifungwi Jumapili.

Yupo anayekuja kwa sababu bando lake limeisha kabla ya saa sita mchana. Namuuliza ametazama video ngapi za mahubiri. Anasema hajatazama hata moja, kampuni ndiyo mwizi, na mimi nawatetea wenzangu. Yupo mlinzi wa ploti aliyeangusha simu ndani ya ndoo ya maji, akaniletea ikiwa bado inadondoka, akasema, "Injinia, angalia tu mtandao." Na yupo jirani wa ghorofa ya tatu aliyetuma pesa kwa nambari isiyo yenyewe usiku wa manane, akaja kugonga mlango wangu akiamini naweza kuzikimbilia zile pesa na kuzikamata kabla hazijafika. Nilimweleza kwamba kwa M-Pesa unautuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, kisha unasubiri jibu. Alisikitika. Kama dawa yenyewe ni rahisi hivyo, akasema, miaka yote ile chuoni nilikuwa nasoma nini?

Acha nimjibu hapa, kwa kuwa pale mlangoni nilikuwa na usingizi.

Nilikuwa namsoma Maxwell, Mskoti wa karne ya 19 aliyeyafunga mawimbi ya umeme na sumaku ndani ya milinganyo michache ambayo imewatoa machozi vijana wengi. Nilikuwa namsoma Claude Shannon, Mmarekani ambaye mwaka 1948 alipiga hesabu ya habari nyingi kabisa zinazoweza kupita katika njia moja hata kama njia hiyo imejaa kelele. Hakuwahi kupanda matatu ya Githurai, lakini hesabu yake ingali inafanya kazi. Na nilimsoma Erlang, Mdenmark wa kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye kuanzia mwaka 1909 alichapisha hesabu za simu zinavyoingia na kusubiri. Ukimwambia watu wangapi watapiga kwa saa, na kila mmoja ataongea dakika ngapi, fomula yake inakupa idadi ya laini au wahudumu utakaohitaji ili watu wasisubiri hadi wakatukana.

Elimu hii naitumia. Jumamosi jioni nikiwa kwenye foleni ya M-Pesa pale Kimbo, nahesabu watu walio mbele yangu, nakadiria muda ambao kila mmoja atatafuta kitambulisho kilicho chini kabisa ya mkoba, napiga hesabu ya Erlang, napata kwamba nitafika dirishani giza limeshaingia. Jibu huwa sahihi. Malipo hakuna.

Shida ni kwamba sikuwa peke yangu darasani. Ukanda huu wetu una vyuo kushinda vituo vya polisi. Ukitoka Nairobi unakipita Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, unafika Ruiru kwenye Zetech, unaingia Juja kwenye JKUAT, kilichoanza mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu mwaka 1994, halafu unamalizia Thika kwenye Mount Kenya, kilichopewa hati mwaka 2011. Hapo sijavigusa vyuo vya ufundi, wala vile vya ghorofani ambavyo mlango wake uko kati ya kinyozi na duka la dawa. Msimu wa mahafali ukifika, matatu za 237 hujaa majoho hadi makanga anamwita kila abiria daktari ili asibishanie nauli. Majoho hayo yote yanaelekea nyumbani kwa mama fulani ambaye ameshachinja.

Mama yangu yuko Makongeni, Thika. Kwake yeye makampuni yote ya simu nchini ni kampuni moja, na mimi ni mfanyakazi wake. Karibu na nyumbani kuna busta, yaani mnara wa simu, na mtandao ukipotea hunipigia kuniuliza nimefanya nini.

"Mama, kama mtandao umepotea, umenipigiaje?"

"Usinijibu kijeuri, Injinia. Panda uangalie."

Jina lenyewe hilo la Injinia ni balaa. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 haimruhusu mtu kujiita mhandisi kabla hajasajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na kusajiliwa kunataka uwe umefanya kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Nisipopata kazi sipati miaka, nisipopata miaka sipati jina. Nilimweleza mama jambo hilo polepole, tukiwa tunamenya viazi. Akasema Bodi ije Makongeni imkataze yeye mwenyewe. Kanisani nako nimeandikwa "kijana wetu wa busta", hivyo kadi ya harambee inayonifikia huwa tayari imejazwa kiasi, na kiasi chenyewe si cha mtu asiye na kazi.

Anayenielewa katika ukoo ni mmoja tu, naye ni baba mdogo, fundi wa laini wa zamani wa Posta na Simu. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika na kila nchi ikachukua waya zake. Baba mdogo hakuwa na digrii. Aliajiriwa kwanza, ndipo shirika likamsomesha kwa gharama yake, katika chuo chake lenyewe, kile ambacho leo ndicho Multimedia University. Siku ya kwanza kazini alipewa buti, koti la mvua, mkanda wa kupandia nguzo, na ngazi. Enzi hizo kuunganishiwa simu ya mezani kulikuwa kazi ya kusubiri miaka, kwa hiyo fundi wa laini alisalimiwa kwa mikono miwili na kunywa chai ya bure kutoka Thika hadi Gatundu. Mwaka 1999 shirika liligawanywa, Posta kivyake, Telkom kivyake, na tume ya kusimamia mawasiliano kivyake. Baba mdogo alikuwa ameshastaafu, anakula pensheni yake na kuuliza maswali.

Swali lake kubwa ni hili: kama wakati wake waya zilikuwa chache na kazi zilikuwepo, mbona leo kila mtoto ana simu na mimi sina dawati?

Waziri yeyote wa mawasiliano akishika kipaza sauti hutuambia sekta inakua, naye husema kweli. Laini za simu nchini zimepita milioni 70, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilitukuta tukiwa milioni 47.6, watoto wa mgongoni wakiwemo. Safaricom, iliyokuwa idara ndani ya Posta na Simu kabla Vodafone haijanunua asilimia 40 mwaka 2000, leo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa Afrika Mashariki. Lakini tazama nani anafanya kazi wapi. Wafanyakazi wake wa kuajiriwa hawafiki elfu kumi. Mawakala wake wa M-Pesa wamepita laki mbili. Hesabu hiyo hata Erlang haitwi.

Na waliomo ndani hawaongezeki kwa sababu mtambo wa kisasa hautaki kundi la watu. Busta ya Makongeni haimngojei mtu wa kuipanda kila asubuhi. Kuna chumba chenye skrini ambamo watu wachache wanaangalia minara ya nchi nzima, na marekebisho mengi hufanywa kwa kompyuta ukiwa umekaa. Mitambo yenyewe hutoka kwa Huawei, Nokia au Ericsson, na hao ndio wanaopewa kazi ya kuifunga, mara nyingine hata ya kuiendesha. Bharti Airtel ya India ilipoinunua Zain barani Afrika mwaka 2010, ilizigawa kazi za mitambo kwa makampuni ya aina hiyo, na za kompyuta ikawapa IBM. Kampuni yenyewe hapa Kenya ilikuwa imeshaitwa KenCell, ikawa Celtel, ikawa Zain, ndipo ikawa Airtel. Aliyeajiriwa humo mwaka 2000 akatulia amebadilisha fulana nne bila kuhama kiti. Sisi tuliofika baadaye hatukukikuta kiti. Tulikuta kandarasi.

Kandarasi huteremka hivi. Kampuni ya simu inampa kazi mwenye mitambo. Mwenye mitambo anampa kontrakta wa Nairobi. Wa Nairobi anampa kontrakta mdogo mwenye pikapu moja na mihuri mitatu. Wa pikapu anakupigia wewe saa kumi na moja alfajiri, anauliza kama una buti. Pesa nazo zinateremka kwa njia hiyo hiyo, ila kila ngazi zinapumzika.

Najua msomaji utaniambia niombe zile nafasi nzuri za wahitimu, za kuingia kama mwanafunzi wa uongozi. Zipo, na kila mwaka wapo wanaozipata. Safaricom inao mpango wake unaoitwa Discover. Lakini ukanda huu pekee hutoa wahitimu wa kujaza uwanja wa Thika, na wanaochukuliwa wanaenea katika matatu chache tu. Niliwahi kuona tangazo la kampuni moja nisiyoitaja likitaka mhitimu asiyezidi miaka 26, mwenye shahada ya daraja la juu na uzoefu wa miaka mitatu. Yaani uwe ulikuwa mlingotini wakati wenzako wako darasani, na bado uwapite kwenye mtihani.

Niliomba hata hivyo. Kwanza kulikuwa na mtihani wa mtandaoni wa maumbo yanayozunguka, ambapo unaulizwa pembetatu itatazama wapi ikigeuzwa. Kisha mahojiano ya video, wewe na kompyuta, bila binadamu. Swali linatokea, saa inahesabu kurudi nyuma, nawe unatabasamu mbele ya kitaa chekundu ukijieleza ulivyo mchezaji wa timu. Mama aliyekuwa amekuja kunitembelea aliuliza naongea na nani. Nilipomwambia ni mashine, aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Mashine yenyewe iliandika asante, ikanitakia mema huko niendako. Sikuwa nimeiambia kwamba naenda mahali.

Kuna pia mambo ya vyeti. Cheti cha polisi cha tabia njema, cha HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, cha mamlaka ya kodi, cha tume ya maadili, cha kampuni za taarifa za mikopo. Tangu mwaka 2022 sheria inamkataza mwajiri kudai vyeti hivi kabla hajakupa kazi, jambo jema sana. Ila matangazo mengine bado yanavidai, na ukitaka kumfundisha mwajiri sheria katika barua ya kuomba kazi, jaribu wewe kwanza. Kuhusu HELB, mkopo wake unasubiri mwaka mmoja baada ya masomo, na usipoanza kulipa faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Katika simu yangu nzima, hao ndio wanaoniandikia bila kukata tamaa.

Basi nieleze sekta inavyotuajiri kweli, maana nimepita milango yake yote, isipokuwa ule wa mbele.

Mlango wa kwanza ni mwavuli. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru laini zote ziwe zimesajiliwa ipasavyo. Tarehe ya mwisho ilikuwa 15 Aprili, watu wakafurika, ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Kwetu tuliokuwa tunasaga lami, ule ulikuwa msimu wa mavuno. Wakala mmoja alinipa fulana, simu ya kupigia picha vitambulisho na malipo kwa kila laini, nikasimama karibu na stendi ya Thika kwenye jua ambalo mananasi yanalipenda. Bibi mmoja wa kutoka Gatanga alikataa kabisa kupigwa picha.

"Serikali inanijua," alisema. "Wakati wa kura huwa wananipata bila picha."

Siku hiyo hiyo akaja mhadhiri wangu wa somo la mawimbi. Nikajaribu kujificha nyuma ya mwavuli, lakini mwavuli wa matangazo umetengenezwa uonekane. Alinitambua, akanishika mkono kwa furaha. "Kumbe uko kwenye sekta!" Nikamsajilia laini. Akaahidi kunitaja darasani. Tangu hapo nikisikia chuo kimetangaza kwamba wahitimu wake wengi wameajiriwa katika fani waliyosomea, najua nimo kwenye hesabu hiyo, na mwavuli wangu.

Mlango wa pili ni hedifoni. Nilipata kazi katika kituo cha simu cha kontrakta mmoja jijini, kazi ya kuwapokea wateja wenye hasira. Hapo ndipo nilipokutana na Erlang ana kwa ana. Kumbe fomula yake ndiyo inayotumika kuamua wahudumu wangapi wawe zamu saa ngapi. Chuoni niliikokotoa nikijiona yule anayepanga. Pale nilikuwa mmoja wa wanaopangwa, na nikienda msalani fomula inatetereka, msimamizi anatazama saa. Mteja mmoja, kwa lafudhi nilijua ni mtu wa kwetu Thika, alinisikiliza nikimweleza kwa nini ruta yake inapepesa taa, kisha akasema, "Sawa kijana, sasa nipe injinia."

"Mimi ndiye injinia, mzee."

Alicheka hadi akakata simu. Kwenye tathmini ya mwezi, simu hiyo iliandikwa kwamba mteja aliondoka akiwa na furaha.

Siidharau kazi ya hedifoni. Vijana wengi wa Ruiru sasa wanaiona kuwa ndiyo ofisi, hasa tangu kampuni ya CCI ijenge kituo kikubwa cha simu pale Tatu City, kilichofunguliwa mwaka 2024 na chenye nafasi za maelfu ya wahudumu. Kiko jirani, kina paa na mshahara una tarehe, na hivyo ni vitu ambavyo sekta yetu haigawi ovyo. Nalalamika tu kwamba mtu anaweza kuipata kazi hiyo kwa ulimi mzuri na subira, bila kupitia kwa Maxwell. Mimi nilipita kwa Maxwell, na nilipita kwa mkopo.

Mlango wa tatu, niliomo hadi leo, ni nguzo. Ruiru inajengwa ghorofa usiku na mchana, na kila ghorofa inataka intaneti kabla haijapakwa rangi. Faiba zinaning'inia kwenye nguzo za Kenya Power, ambazo makampuni ya intaneti huzikodi, na kila kampuni ina waya wake, hadi nguzo ya pale kwetu imejaa waya kama kichwa kilichosukwa nusu mtu akaitwa kwenye simu. Waya hizo zina maadui. Kuna lori la kokoto linalopita juu kuliko dereva anavyodhani. Kuna anayechoma takataka chini ya nguzo. Kuna fundi wa kampuni pinzani ambaye, akitafuta waya wake, hukata wowote anaoukuta ili aone nani atalalamika.

Anayelalamikiwa ni mimi. Napanda, nachukua uzi wa kioo ambao kiini chake ni maikromita tisa, yaani chembamba kuliko unywele mara kadhaa, na nauunga na mwenzake kwa mashine ya cheche huku upepo wa gari la Thika ukinitikisa. Hapo ndipo ninapomshukuru kila mwalimu, maana ukikosea kidogo tu mwanga unapotea na mtaa mzima unarudi kwenye bando. Ni kazi ya kitaalamu. Ila wanaoniangalia kutoka chini huuliza kama naweza pia kuwarudishia stima.

Baba mdogo alikuja siku moja akanikuta juu. Alisubiri nikashuka.

"Ngazi hii ni ya kampuni?"

"Ni yangu, Baba mdogo. Nilinunua."

"Na buti?"

"Nilinunua."

"Na hiyo mashine?"

Mashine nimeazima kwa mwenzangu, namlipa kwa siku; bei yake mpya inakaribia ya bodaboda. Mzee alitikisa kichwa. "Basi wewe hawajakuajiri. Wewe ndiye umewaajiri, halafu wanakuchelewesha mshahara."

Nimelifikiria neno lake mara nyingi nikiwa juu, ambako hakuna cha kufanya ila kufikiria na kushikilia. Katika enzi yake, mwajiri ndiye aliyegharimia mafunzo, buti na ngazi, na mtu asipofaa hasara ilikuwa ya shirika. Leo mafunzo yamegharimiwa na mama kwa kuuza ndizi, na HELB kwa riba, buti nimegharimia mwenyewe, na kazi ikiisha hasara inabaki kwangu. Serikali iliahidi kutandaza kilomita 100,000 za faiba nchini. Nilipiga makofi. Kisha nikajiuliza ngazi za kilomita zote hizo zitanunuliwa na nani.

Hata nguzo yenyewe sasa ina mashaka. Starlink ya Elon Musk iliingia Kenya Julai 2023, na mwenye ploti yetu akaagiza sahani yake. Aliniita nimsaidie kuifunga. Nilifika na mikanda yangu nikamkuta mtoto wake wa darasa la saba ameshamaliza, kwa kufuata picha za kwenye karatasi. Setilaiti iko kilomita 550 juu, hakuna lori la kokoto linaloigusa. Kufikia Novemba 2024 nafasi zikawa zimejaa Nairobi na kaunti jirani, Kiambu yetu ikiwemo, wateja wapya wakazuiwa kwa muda. Nakiri nililala vizuri miezi hiyo.

Wenzangu wa darasani je? Mmoja anafuga kuku Juja na hasemi lolote kuhusu mawimbi. Mwingine yuko Doha, anaunga faiba kama mimi, ila huko ngazi ni ya kampuni. Wa tatu anakaa chumbani akichora visanduku kuzunguka magari kwenye picha, ili mashine za ng'ambo zijifunze gari ni nini. Analipwa kwa picha. Mmoja tu aliingia kwa mlango wa mbele, kwenye kile chumba cha skrini. Tunamheshimu sana. Tukikutana Kamakis kula nyama, yeye ndiye anayelipa, na kila mmoja wetu humwonyesha simu yake ili aangalie kwa nini bando linaisha haraka.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi unayejaza kozi zako za chuo kwenye tovuti ya KUCCPS msimu huu, sikukatazi. Somo ni tamu, na nchi isiyo na watu wa kulielewa itaagiza hata wa kuwasha ruta. Ila angalia kwanza kama kozi yenyewe inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, na usimwulize afisa wa udahili, tazama orodha. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho walifanyia wapi mafunzo yao ya kazini, si wapi waliahidiwa. Jifunze kuunga faiba na kuandika programu kabla hujamaliza, maana hivyo ndivyo vinavyokulipia kodi ya nyumba ukisubiri vile vingine. Enyi vyuo, mkitangaza wahitimu wangapi wameajiriwa, tuambieni pia wanafanya nini. Enyi makampuni, mkitangaza nafasi za wahitimu, andikeni ni ngapi. Nambari mnazijua, ndiyo biashara yenu.

Na wewe mzazi, ukiambiwa sekta ya mawasiliano inakua, usibishe, ni kweli. Uliza tu ngazi inanunuliwa na nani, na mshahara unaingia tarehe ngapi.